Kipimo cha Baada

"Juzi tumemkamata mmoja, ameficha dishi ndani ya tangi la maji," alisema Kaimu huku akijiongezea mchuzi. "Amelikata tangi juu, dishi limekaa ndani linatazama mbinguni. Mjinga kabisa. Tangi haliingizi maji wala halitoi maji, mtu mwenye akili si atajiuliza?"

"Sasa angelificha wapi?" mkewe aliuliza bila kuinua macho.

Kaimu aliweka kijiko chini. Hakuna swali alilolipenda kama hilo. "Plastiki, mke wangu. Chuma kinazuia mawimbi, lakini kwenye plastiki yanapita kama hakuna kitu. Mimi ningekuwa mhalifu, ningechukua beseni la kufulia, nikalifunika juu ya dishi karibu na kamba ya nguo. Nani atashangaa kuona beseni karibu na kamba ya nguo?"

"Hakuna," mkewe alikubali.

Binti yao akapaliwa na maji. Bibi, mama mzazi wa Kaimu, akampigapiga mgongoni na kumwambia anywe polepole, maji hayakimbii.

Beseni lilikuwa juu ya paa siku nyingi. La buluu. Lilipandishwa huko mara ya kwanza Kaimu alipotoa somo hili, na leo alikuwa analirudia tu, maana alikuwa na tabia ya kurudia masomo yake. Kila jioni alikuja na kazi mezani, akaeleza namna wahalifu wanavyojificha na makosa yanayowaponza, na kila jioni mkewe alisikiliza kwa makini kuliko mwanafunzi yeyote. Mume aliona fahari kuwa na mke anayependa kazi yake. Masikini, hakujua anafundisha.

Jina alilopewa na wazazi wake lilikwisha kusahaulika. Alikuwa Kaimu Mkuu wa Kitengo cha Ukaguzi wa Masafa, pale Mamlaka ya mawasiliano, na alikuwa amekaimu muda mrefu mpaka cheo kikamganda. Mwenye duka alimwita Kaimu. Fundi bomba alimwita Kaimu. Hata Bibi, aliyemzaa na kumpa jina, alimwita Kaimu, akidhani ni cheo kikubwa sana kwa vile mwanawe alikitamka akiwa amenyooka. Ofisini kulikuwa na kiti cha mkuu wa kitengo, cha kuzunguka, chenye mikono. Kiti hicho kilikaa stoo kikiwa bado ndani ya nailoni, kwa sababu taratibu zinasema kaimu hastahili mikono. Yeye alikalia kiti cha wageni. Mgeni akiingia akakuta viti viwili vya wageni vinatazamana, ilibidi kwanza aulize nani amemtembelea mwenzake.

Basi mtu wa namna hii anataka nini duniani? Anataka barua moja, ya kuthibitishwa. Na safari hii ilikuwa imekaribia kweli.

Habari yenyewe ilikuwa hivi. Kampuni moja yenye setilaiti zinazozunguka dunia makundi kwa makundi iliomba leseni ya kuuza intaneti. Watu waliiita Kampuni ya Angani. Kampuni ya Minara, ambayo ndiyo yenye mitandao ya simu, ikaweka pingamizi. Ilidai kwamba masafa ni yake, imeyalipia, na mawimbi ya huko juu yatamwagikia ndani ya yale yake kama jirani anayemwaga maji machafu uani kwako. Faili likapanda ghorofani, likashuka, likapanda tena. Wakati wakubwa wanabishana, wadogo walikwisha kuanza kuingiza madishi kutoka ng'ambo ya mpaka, ndani ya magunia ya mitumba na chini ya viti vya magari. Mamlaka ikatangaza kwamba dishi lolote lisilo na leseni ni kosa, na kikosi cha Kaimu kikapewa kazi ya kuyasaka.

"Kikao cha kusikiliza pingamizi kimekaribia," Mkurugenzi wa Mamlaka alikuwa amemwambia. "Niletee dishi moja tu ambalo kweli limevuruga mnara. Moja. Ukisimama barazani ukalisema, barua yako nasaini siku hiyohiyo."

Mikono ya Kaimu ilitetemeka akaificha mfukoni. Ilikuwa na kawaida hiyo mbele ya wakubwa.

Mkewe naye alikuwa fundi cherehani, na kwa njia ya simu alifundisha kukata nguo kwa wanawake wa miji ya mbali ambako hakuna wa kuwafundisha. Mwanzoni alitumia mtandao wa minara. Mkasi ukiwa hewani, picha inaganda. Mwanafunzi mmoja aliwahi kukata tundu la mkono mahali pa shingo, gauni la bibi harusi, akalia mpaka simu ikazima. Siku hiyo ndipo mwalimu alipomwendea mfanyabiashara wa mitumba akanunua dishi. Tangu hapo picha haikuganda tena, na Kaimu, akiona video za mkewe zinavyoteleza, alipiga kifua: "Mnaona mtandao ulivyo mzuri hapa kwetu? Mnara huo! Watu wanataka setilaiti ya nini?" Hata ofisini alikuwa akiitolea mfano nyumba yake.

Nyumbani, walipomsikia akisema hivyo, kila mtu alitazama sahani yake.

* * *

Siku ya pili yake Kampuni ya Minara ilileta malalamiko. Mnara ulio karibu na kwa Kaimu ulikuwa umejaa kelele. Simu zilikuwa zinakatika, na wateja walikuwa wanatukana.

"Ndilo dishi letu hilo," alisema Mkurugenzi, akasugua viganja.

Walitoka na gari la ukaguzi watu watatu. Dereva alikuwa kwenye usukani. Kaimu alikaa mbele na vidude masikioni, akishika antena iliyokaa kama mifupa ya samaki. Nyuma alikaa Injinia wa Kampuni ya Minara, msichana mwenye fulana ya kung'aa na haraka ya mtu anayelipwa vizuri. Mashine yao ya kupimia hulia. Ukikaribia chanzo cha kelele, inalia zaidi.

Walipoingia mtaa wa Kaimu ikaanza kunung'unika. Walipofika kwenye duka ikapiga mluzi. Walipofika mbele ya geti moja la kijani ikapiga kelele hadi Kaimu akavua vidude masikioni.

"Bosi," alisema Dereva taratibu, "hapa si kwako?"

"Kwangu napajua."

"Nilikuwa nauliza tu."

"Mashine imechoka. Geuza gari."

Waligeuza, wakaja kwa upande wa pili. Mashine ikapiga kelele mbele ya geti la kijani. Wakazunguka kwa nyuma, kwenye uchochoro wa mifereji. Ikapiga kelele nyuma ya geti la kijani. Wakati huo mwenye duka alikuwa ametoka nje na mteja wake, na mteja wake alikuwa ameita wengine, maana gari la serikali likizunguka nyumba moja mara tatu hakuna anayebaki ndani.

Bibi akafungua geti. "Kaimu! Leo mmekuja kula mchana? Mngesema basi, tungeongeza maji!"

"Mama, tuko kazini."

"Kazi gani ya kuzunguka nyumba yako mwenyewe? Umesahau mlango?"

Watu wakacheka. Injinia hakucheka. Alishuka, akaomba ruhusa kwa adabu, akapanda ngazi kwenda juu ya paa, na Kaimu na Dereva wakamfuata, Kaimu akieleza kwamba bati la jirani wakati mwingine hurudisha mawimbi. Juu kulikuwa na mashuka yameanikwa. Na beseni.

"Mzee," alisema Injinia, "beseni gani linafungwa kwa waya?"

"Upepo," alijibu Kaimu. Na hapo lazima tumtendee haki: alisema kwa moyo mweupe. Hakuwa akijua lolote.

Injinia akalegeza waya, akafunua. Dishi likawatazama wote watatu, safi, jeupe, limefutwa vumbi asubuhi hiyo.

Dereva alikohoa. "Beseni, bosi. Karibu na kamba ya nguo. Vilevile kama unavyotufundisha."

Mkewe akatokea ngazini, futi ya fundi shingoni, mkasi mkononi. Simu iliyokuwa kwenye mfuko wa mbele wa aproni yake ilikuwa bado inaongea. "Mwalimu!" sauti za wanawake ziliita kutoka humo. "Mwalimu, tumefika kwenye kwapa! Tukate au tusikate?"

"Msikate," alisema mkewe, akimtazama mumewe. "Wekeni mikasi chini."

Kuna njia nyingi za mwanamume kujitoa katika hali kama hiyo, na Kaimu alichagua mbaya kuliko zote. Alichagua utaratibu.

"Mama," alianza kwa sauti ya ofisi, "kwa mujibu wa sheria ya mawasiliano, chombo hiki..."

"Mama? Mimi ni mama yako?"

"Niko kazini."

"Haya. Endelea na kazi."

Alitoa utepe wa Mamlaka, akalizungushia dishi. Akapiga muhuri juu ya utepe. Chini barabarani watu walikuwa wameanza kupanda juu ya matofali ili waone vizuri. Alipomaliza akashika waya kuuchomoa.

"Risiti," alisema mkewe.

"Risiti ya nini?"

"Mamlaka ikichukua mali ya mtu inatoa risiti. Umetuambia mwenyewe mezani. Mwenye haki hupewa risiti."

Kaimu akatoa kitabu cha risiti. Injinia alikuwa anatazama, Dereva alikuwa anatazama, mtaa mzima ulikuwa unatazama, na mtu aliyezoea taratibu miaka nenda miaka rudi, mdomo wake huenda peke yake.

"Jina kamili?" aliuliza.

Mkewe alimtazama tu. Injinia aligeuka akajifanya anakagua shuka.

* * *

Injinia alipiga picha za kutosha. "Hii inatosha kabisa, mzee. Nina kikao," akasema, na Dereva akamrudisha mjini. Alibaki Kaimu juu ya paa na mashine ya mkononi.

Kazi ya ukaguzi ina desturi yake. Unapima kabla, unazima, halafu unapima baada. Asiyepima baada hajapima kitu, amebahatisha. Kaimu angeweza kukosea mengine yote, lakini hili hakuwahi kuliruka, hata siku ya mvua, hata akiwa na homa. Kwa hiyo ingawa moyo ulikuwa unamuuma na aibu inamwasha masikioni, aliinua antena akapima.

Kelele ilikuwa palepale.

Akaitikisa mashine. Akahakikisha waya wa dishi umechomolewa. Umechomolewa. Akapima tena. Palepale, haijapungua hata chembe.

Akashuka ngazi na sauti ikapanda. Akapita jikoni, mkewe akampa mgongo. Akaingia ukumbini, ikapanda zaidi. Mbele ya mlango wa chumba cha Bibi mashine ililia kama mtoto aliyenyimwa.

Bibi alikuwa amekaa kitandani anaongea na dada yake kwenye simu, yule dada anayeishi mbali, habari ya mguu. Juu ya stuli kando ya kitanda kulikuwa na kitambaa cha kufuma, na juu ya kitambaa kopo la maua ya plastiki. Kaimu akaondoa maua. Akaondoa kitambaa. Chini kulikuwa na kisanduku cha kijivu chenye taa ya kijani, na ubavuni mwake karatasi ya gundi ya Mamlaka: MALI ILIYOKAMATWA.

Akakaa kitandani.

Kilikuwa busta, kisanduku cha kuvutia mtandao wa simu. Hivyo navyo ni marufuku bila kibali, kwa kuwa kikiwekwa vibaya kinaupigia mnara kelele mchana kutwa. Yeye mwenyewe aliwahi kukinyang'anya kwenye hoteli moja. Wakati huo Bibi alikuwa ndiyo kwanza amehamia kwao, na chumba chake hakikuwa na mtandao. Alikuwa akiongea na dada yake kwa kutoa kichwa dirishani, mvua ikimnyeshea. Kaimu akakitoa kisanduku stoo, akakileta nyumbani kwa majaribio ya wiki moja. Majaribio yakasahaulika, kama yeye alivyosahaulika kwenye ukaimu.

Akachomoa waya. Mashine ikanyamaza. Na simu ya Bibi nayo ikanyamaza.

"Haloo? Haloo?" Bibi aliitazama simu, halafu akamtazama mwanawe. "Umemzima dada yangu!"

"Mama..."

"Alikuwa ndiyo kwanza anaanza kunieleza daktari alisema nini! Mrudishe!"

"Mama, nisikilize. Kisanduku hiki usimwambie mtu. Mtu yeyote."

"Nimwambie nani mimi?" alisema Bibi kwa hasira. Na kabla Kaimu hajamaliza kukunja waya, jikoni walikwisha kujua.

* * *

Mkurugenzi alipiga simu jioni. Kaimu alikwenda kuipokea uani, kwenye ukuta, mahali pekee penye mtandao sasa. Alitegemea kufukuzwa.

"Nimezipata picha!" Mkurugenzi alikuwa anacheka. "Kaimu, wewe ni mtu wa ajabu. Umemkamata mke wako mwenyewe! Uadilifu wa namna hiyo nchi hii haijawahi kuuona. Utasimama barazani useme hivyohivyo: nilimkuta mke wangu, nikamkamata. Waandishi watalia machozi. Na kelele ya mnara imekwisha, Minara wamenithibitishia. Ulipozima dishi ilikwisha, siyo?"

"Ilikwisha leo hiihii, mkuu," alisema Kaimu. Kila neno lilikuwa la kweli, na jibu zima lilikuwa la uongo.

Mezani siku hiyo hakuna aliyesimuliwa habari za wahalifu. Binti alikula upesi, akaaga. Bibi alikula akiwa ameigeuzia simu yake kisogo, kana kwamba ni maiti.

"Amefurahi," Kaimu alisema hatimaye.

"Nani?"

"Mkurugenzi. Barua ataisaini."

"Mimi sijafurahi," alisema mkewe. "Umenivua nguo mbele ya mtaa. Leo nimekwenda dukani, yule bwana ananiuliza kama nauza na mabeseni. Nimecheka, nikanunua chumvi, nikaja kulia hapa jikoni."

"Ulinificha kitu ndani ya nyumba yangu, mke wangu."

"Nilikuficha. Nakubali. Dishi ni kosa, hilo nalo nakubali, sheria ikisema nilipe nitalipa. Lakini nimesikia mama anavyosema. Kelele haikuwa yangu." Alianza kukusanya sahani. "Huko barazani utasema nini?"

"Nitasema nilichokiona."

"Chote?"

Kaimu alimtazama mama yake. Mama yake alitazama dari. Mkewe akabeba sahani akaondoka nazo, pamoja na ya mumewe ambayo ilikuwa bado na chakula.

* * *

Ukumbi wa kikao ulikuwa na vipaza sauti viwili, na kila kimoja kilipofunguliwa kingine kilipiga mluzi. Wataalamu wote wa masafa wa nchi walikuwa humo ndani na hakuna aliyeweza kuvipatanisha. Mwishowe Mwenyekiti wa baraza, mama mmoja mnene mwenye mafua, aliamuru vizimwe vyote na watu wapaze sauti.

"Anga halina uzio!" alipaza sauti wakili wa Angani.

"Hata mvua haina uzio!" alijibu wakili wa Minara. "Lakini ikinivujia ndani kwangu, nitamtafuta aliyetoboa bati!"

Waliendelea hivyo mpaka nusu ya ukumbi ikasinzia. Ndipo akaitwa Kaimu.

Alivaa suti ambayo mkewe aliishona mwenyewe, siku za amani. Asubuhi hiyo ilikuwa imepigwa pasi na kutundikwa mlangoni bila neno, na hilo lilimuuma kuliko kama angeikuta imekunjamana. Mkurugenzi alikuwa mstari wa mbele, anatabasamu. Kaimu akashika ukingo wa meza ili mikono itulie.

"Dishi ulilolikuta lilikuwa la nani?" aliuliza wakili wa Minara.

"La mke wangu."

Ukumbi ukaamka. Kukawa na minong'ono ya sifa. "Huyo ndiye mtumishi," mtu mmoja alisema.

"Ukafanyaje?"

"Nikalifunga. Nikampa risiti."

Mkurugenzi alikaribia kupiga makofi. Wakili akasema hana swali zaidi, na Kaimu akaanza kujiinua kushuka. Mwenyekiti alikuwa anapenga kamasi. Akainua kidole.

"Shahidi, kitu kimoja tu niandike. Ulipopima baada ya kuzima, kelele ilishuka kiasi gani?"

Kaimu akaangaza macho ukumbini. Nyuma kabisa, kando ya mlango, alikuwa amekaa mkewe, na Binti pembeni yake. Alikuwa ametoka nyumbani kwa haraka, futi ya fundi bado iko shingoni. Hakumpungia mkono, hakutikisa kichwa. Alikaa tu akisubiri, kama alivyosubiri siku ile juu ya paa baada ya kuulizwa jina lake.

Aliliona lile kosa lote kwa mpigo. Siyo dishi. Aliona kwamba anataka kumpa mkewe mzigo ambao si wake, ili yeye apate kiti chenye mikono.

"Haikushuka," alisema.

Tabasamu la Mkurugenzi lilibaki usoni peke yake, kana kwamba mwenyewe amekwisha kuondoka.

"Sikusikia," alisema Mwenyekiti. "Paza sauti."

"Haikushuka, mheshimiwa! Dishi halikuwa na hatia ya kelele. Kelele ilikwisha nilipochomoa busta."

"Busta ya nani?"

"Ilikuwa chumbani kwa mama yangu."

"Mama yako aliipata wapi?"

"Nilimpa mimi."

"Na wewe uliipata wapi?"

"Kwenye stoo yetu, mheshimiwa. Ni mali iliyokamatwa. Niliikamata mimi."

Kicheko kilianzia kwa waandishi, kikapita kwa mawakili wa pande zote mbili, ambao walikuwa hawajakubaliana jambo tangu asubuhi, kikafika mpaka kwa mlinzi mlangoni. Mwenyekiti alivua miwani.

"Nielewe vizuri. Kwa hiyo mkaguzi, shahidi na mkosaji ni mtu mmoja?"

"Ndiyo, mheshimiwa," alisema Kaimu. "Ukaguzi nakaimu tu."

Mwenyekiti alitoa leso, na safari hii haikuwa kwa ajili ya mafua.

Alipokuwa anashuka, Kaimu aliitazama mikono yake. Ilikuwa imetulia.

* * *

Baraza halikumpa mtu ushindi. Liliwaambia Minara walete ushahidi mwingine, likawapa Angani leseni ya muda mpaka uchunguzi ukamilike, na madishi yote yaandikishwe. Leseni nayo ikawa inakaimu. Kaimu alipata onyo kali, akavuliwa ukaimu, akarudishwa kuwa mkaguzi wa kawaida, na nafasi yake akapewa kijana wa ghorofa ya juu, akaimu na yeye.

Siku ya kurudisha busta stoo, alimkuta Mtunza Stoo anakunywa chai. Kiti cha mkuu kilikuwa pembeni, ndani ya nailoni yake.

"Kaa," alisema Mtunza Stoo. "Hakuna anayeona."

Kaimu akakaa. Nailoni ikalia chini yake. Akaweka mikono juu ya mikono ya kiti. Akaegemea, kiti kikayumba upande, kikamchoma kiunoni.

"Kinauma," alisema.

"Kilikuja kibovu," alisema Mtunza Stoo. "Wewe ulidhani kwa nini hatukukifungua?"

Kaimu alicheka njia nzima ya kurudi nyumbani, na mara mbili ilibidi afute macho, na si mara zote mbili kwa kucheka.

Nyumbani mkewe alikuwa anamngoja juu ya paa na risiti mkononi. "Nimekwisha kuandikisha. Nirudishie mali yangu."

Kaimu akapiga magoti, akaanza kukata ule utepe. Mkewe akasimama juu yake.

"Sema."

"Nisamehe."

"Kwa lipi?"

Kaimu alifikiri. Makosa yalikuwa mengi na mengine alikuwa na majibu yake. "Kwa kukuuliza jina kamili," alisema.

Mkewe akamshika begani, akamwambia ahamishe na beseni, kesho ana nguo za kufua.

Jioni hiyo walimpandisha Bibi ngazi taratibu, Binti mbele, Kaimu nyuma, wakamkalisha kwenye kiti karibu na kamba ya nguo. Bibi alikuwa na uchungu wa simu tangu siku ile. Binti akabonyeza, na usoni mwa simu akatokea dada yake, mzimamzima, na kitambaa kichwani. Wazee hao walikuwa hawajaonana kwa macho tangu kabla Binti hajazaliwa.

"Umezeeka!" alipiga kelele Bibi, machozi yanamtiririka.

"Na wewe je? Hebu sogea nikuone! Nani anashika simu, mbona hatulii?"

"Baba, shika wewe," alisema Binti. "Nyoosha mkono. Usisogee kushoto."

Kaimu akanyoosha mkono. Mguu wa yule dada ukaoneshwa, ukageuzwa, ukaoneshwa tena. Daktari akasemwa vya kutosha. Mkono ulimwuma, hakuuteremsha.

"Na huyo mwanao?" aliuliza yule dada. "Bado ni kaimu?"

Mkewe aliacha kukunja shuka. Bibi alimtazama mwanawe, suti yake, magoti yake yenye vumbi, mkono wake ulionyooka.

"Hapana," alisema. "Wamemthibitisha."

"Alhamdulillahi! Kuwa nani?"

"Sasa hivi anashika simu," alisema Bibi. "Na mkono wake hautetemeki."